UZI: Madoa ya jua na kima cha Ziwa Victoria – uhusiano upo, au tunachagua vilele vinavyotufaa?

Mpimakima:
Wakuu, kila jua linapofika kilele cha madoa, hoja ile ile hurudi mitandaoni: ziwa limefurika kwa sababu jua limechachamaa. Mwaka 2024 hoja ilipata nguvu zaidi kwa kuwa mambo mawili yalikaribiana. Mwezi Mei ziwa lilipita rekodi zake zote za nyuma, na Oktoba mzunguko wa 25 wa jua ukafika kilele (madoa meusi usoni mwa jua huongezeka na kupungua kwa mizunguko ya miaka kama 11), namba ya madoa ikiwa kama 161 kwa wastani uliolainishwa wa miezi 13. (Namba hiyo haimaanishi madoa 161. Ni idadi ya makundi mara 10, ukajumlisha na doa moja moja, kisha ikasawazishwa kati ya vituo.)

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1923 C.E.P. Brooks wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza alichukua vipimo vya ziwa vilivyoanza 1896, akavilinganisha na madoa ya jua, akakuta vinapanda na kushuka pamoja kwa uwiano wa zaidi ya 0.8 (1 ni kulingana kikamilifu, 0 ni kutohusiana). Kwa mambo ya hali ya hewa huo ni uwiano wa kustaajabisha. Haukupita muda mrefu. Kufikia miaka ya 1930 mistari miwili ilikuwa imeachana.

Kisha ikaja 1961. Mvua za vuli za mwaka ule zilianzisha mpando wa karibu mita 2.5, na ziwa likafika kileleni Mei 1964. Tazameni jua lilikuwa wapi: kilele cha mzunguko wa 19, ambao ndio mkubwa kuliko yote tangu mizunguko ianze kupewa namba, kilikuwa Machi 1958. Oktoba 1964 jua lilikuwa chini kabisa. Njooni sasa 2020. Jua lilifika chini Desemba 2019, na Mei 2020 ziwa likaipita rekodi ya 1964. Vilele viwili vikubwa vya ziwa vimeangukia wakati jua limelala.

Naomba tulijadili kwa hesabu, maana kuna watu wanapanga ujenzi wa magati na mashamba ya kandokando kwa kufuata kalenda ya madoa.

Kisumu_Hydro:
Nianze na nishati, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotelea.

Juu ya angahewa, mita moja ya mraba inayolitazama jua ana kwa ana hupokea kama wati 1,361. Kati ya jua kulala na jua kuwa kileleni tofauti ni kama wati 1, yaani asilimia 0.1 hivi. Vipimo hivi vimekuwa vikifanywa kwa setilaiti tangu 1978. Dunia ni mviringo, kwa hiyo gawanya kwa 4. Asilimia 30 hivi ya mwanga hurudishwa angani, kwa hiyo zidisha kwa 0.7. Inabaki wati 0.18 kwa mita ya mraba.

Sasa itumie yote kukausha ziwa. Wati 0.18 mara sekunde milioni 31.5 za mwaka ni jouli milioni 5.7. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunataka jouli kama milioni 2.45. Jibu ni kilo 2.3, yaani milimita 2.3 za maji kwa mwaka. Ikweta hupokea mwanga zaidi ya wastani wa dunia, basi iongeze hata mara mbili ukitaka. Ziwa hupoteza kwa mvuke kama milimita 1,500 kila mwaka. Milimita 2 au 5 hazionekani kabisa ndani ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo yeyote anayesema jua la kileleni linalichemsha ziwa au linalijaza moja kwa moja, hesabu inamkataa. Kama kuna athari, lazima ipite njia ya kuzunguka: upepo, joto la bahari, mahali mvua inapoangukia.

JichoLaJua:
Hesabu ya Kisumu_Hydro naikubali, lakini msiifunge kesi mapema. Mabadiliko ya jua hayalingani katika rangi zote za mwanga. Mionzi ya urujuanimno hubadilika kwa asilimia kadhaa, yaani makumi ya mara kuliko ile asilimia 0.1. Hiyo huchukuliwa na ozoni kwenye tabaka la juu la hewa liitwalo stratosfia, joto la huko hubadilika, na pepo za juu hubadilika nalo. Njia ya pili ni bahari za tropiki zisizo na mawingu mengi, ambazo hupokea nishati ya ziada na kuisukuma kwenye mvuke unaobebwa na pepo. Njia zote mbili zinachunguzwa na watu makini.

Na ushahidi wa ziwa upo. Mwaka 2007 Stager na wenzake walionyesha kwamba katika karne yote ya 20 vilele vya madoa viliambatana na vilele vya ziwa, kwa sababu mvua ya ziada ilitangulia kilele cha jua kwa kama mwaka mmoja. Maziwa mengine yasiyopungua matano ya Afrika Mashariki yalionyesha jambo hilo hilo. 1964 ni mpando mkubwa uliotoka nje ya mpangilio. Haufuti vilele vidogo vilivyokaa mahali pake.

Mpimakima:
Mkuu JichoLaJua, hapo umegusa kiini. Swali langu ni upana wa dirisha.

Chukua mfano rahisi. Tuseme mwaka wa mvua nyingi hutokea kwa wastani mara moja kila miaka 4, bila jua kuhusika. Ukijipa dirisha la miaka 3 kuzunguka kila kilele, uwezekano wa kukuta angalau mwaka mmoja wa mvua ndani yake ni 1 toa 0.75 mara tatu kwa yenyewe, yaani 0.58. Kupata vilele 9 kati ya 9 kwa bahati tupu ni 0.58 mara tisa kwa yenyewe: chini ya asilimia 1. Huo ungekuwa ushahidi mzito.

Lakini ukiliruhusu dirisha kuwa la miaka 5, kwa kuwa mara mvua imetangulia mara imechelewa, uwezekano wa kila kilele unakuwa 0.76, na vilele 9 kati ya 9 hutokea kwa bahati kama mara 9 katika 100. Dirisha limepanuka kwa miaka miwili tu, na ushahidi umedhoofika zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana nauliza kila mara: dirisha lilipangwa kabla ya kuitazama data, au baada?

MtakwimuWaMwanza:
Nitaweka namna ya kuifanya kazi hii, anayetaka aifanye kwa lahajedwali au kwa lugha za programu za R au Python.

Hatua ya 1, madoa. Chukua faili la mwezi au la mwaka kutoka SILSO, kituo cha dunia cha kumbukumbu za madoa, kilichopo Royal Observatory of Belgium mjini Brussels. Ni la bure. Faili la CSV limetenganishwa kwa nuktamkato; ukilifungua kwa mpangilio wa koma, kila kitu kitajazana kwenye safu moja. Thamani ya -1 maana yake hakuna kipimo. Ukiisahau, itaingia kwenye wastani kimyakimya.

Kosa kubwa zaidi hapa ni kuchanganya matoleo. Tarehe 1 Julai 2015 mfululizo wote ulisahihishwa na kizidisho cha zamani cha 0.6 cha kituo cha Zurich, ambacho namba zote zilikuwa zikizidishwa nacho, kikaondolewa. Namba mpya ni kubwa kuliko za zamani kwa kama mara 1.67 kabla ya 1947, na kama 1.4 baada ya hapo. Ukinakili 1900–1990 kutoka kitabu cha zamani na kuunganisha na miaka ya karibuni kutoka mtandaoni, umetengeneza jua lililozidi kuwaka ambalo halikuwahi kuwepo. Nimeona michoro ya namna hiyo ikisambazwa kama ushahidi kwamba jua ndilo linaloipasha dunia joto. Ni kosa la kuunganisha mafaili.

Hatua ya 2, ziwa. Kipimo cha Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwani, husomeka mita 10 na kitu hadi 13 na kitu. Hizo hazihesabiwi kutoka usawa wa bahari. Vipimo vya setilaiti tangu 1992 vina sifuri yao nyingine. Usiviunganishe kwa kukisia. Tafuta miezi ambayo vyote viwili vina vipimo, toa kimoja kwa kingine, chukua wastani wa tofauti, usogeze mfululizo mmoja. Miezi ya pamoja iwe 24 au zaidi ili msimu usikudanganye, kwa kuwa ziwa huwa juu Mei na Juni na hushuka kuelekea Oktoba na Novemba.

Hatua ya 3, acha kutumia kima. Tumia maji yaliyoingia. Hili nalisisitiza. Mto Nile hutoa maji kulingana na kima, kwa hiyo ziwa likijaa huchukua miaka mingi kurudi chini. Kilele cha jua cha Novemba 1968 kilikuta ziwa lingali juu kwa mvua ya 1961! Ukipima kima, unaipa sifa mvua ya miaka saba nyuma.

Hesabu yake: badiliko la kima kutoka mwisho wa mwaka hadi mwisho wa mwaka unaofuata, mara eneo la kilomita za mraba 68,800, jumlisha maji yaliyotoka Jinja. Mfano: kima kimepanda mita 0.40, hiyo ni kilomita za ujazo 27.5. Maji yaliyotoka ni wastani wa mita za ujazo 1,200 kwa sekunde, sawa na kilomita za ujazo 37.8 kwa mwaka. Maji halisi yaliyoingia, mvuke ukiwa umeshatolewa, ni 65.3. Mfululizo huu ndio unaostahili kulinganishwa na jua.

Hatua ya 4, jaribio. Nitaiandika kwenye posti inayofuata, hii imeshakuwa ndefu.

Mbezi90:
Mtakwimu, kabla hujaendelea: bwawa la Owen Falls la 1954, pale Jinja kwenye Nile, halijaharibu mfululizo wote wa baada yake?

Kisumu_Hydro:
Nijibu hilo. Bwawa (siku hizi Nalubaale) liliwekewa kanuni ya kutoa maji sawasawa na ambayo mto ungetoa kwa asili katika kima kile, kwa hiyo kwa miongo mingi ziwa lilikwenda karibu kama zamani. Tatizo kubwa liko 2004–2006, ambapo ukame uliambatana na maji kutolewa kuliko kanuni, na kima kikashuka sana. Anayelinganisha kima na madoa ataona ziwa likishuka jua likielekea kulala, ataandika "inalingana", kumbe sehemu kubwa ya mshuko ule imetoka kwenye milango ya mabwawa. Hiyo ndiyo faida ya hatua ya 3: maji yaliyotolewa unayarudisha kwenye hesabu.

MtakwimuWaMwanza:
Asante. Hatua ya 4.

Lahajedwali itakuambia uwiano ni kadha, na itauhukumu kama kwamba kila mwaka ni ushahidi unaojitegemea. Haujitegemei. Madoa ya mwaka huu yanafanana sana na ya mwaka jana. Kima cha ziwa vilevile. Tafuta uwiano wa kila mfululizo na wenyewe uliosogezwa mwaka mmoja. Tuseme yote miwili ni 0.8. Zidisha: 0.64. Idadi halisi ya ushahidi ni miaka uliyonayo mara (1 − 0.64) gawanya kwa (1 + 0.64), yaani mara 0.22.

Brooks alikuwa na miaka 27 hivi. 27 mara 0.22 ni 6. Kwa ushahidi 6, uwiano unatakiwa kupita 0.81 ili kuvuka kiwango cha kawaida cha asilimia 5. Kwa hiyo hata uwiano mkubwa kama wake ulikuwa ukingoni. Miaka 120 inakupa ushahidi kama 26, na hapo 0.39 inatosha. Maji yaliyoingia (hatua ya 3) hayana kumbukumbu ndefu kama kima, hivyo idadi inapanda kidogo, jambo jingine la kuipenda njia hiyo.

Ukijaribu kuuchelewesha mfululizo wa ziwa nyuma ya ule wa jua kwa mwaka 0, 1, 2 na 3, na kuuwahisha kwa 1, 2 na 3, umefanya majaribio 7. Usichukue lililo bora ukalipima kana kwamba lilikuwa peke yake. Njia safi: tengeneza mifululizo ya ziwa ya bandia 1,000, kila mmoja ukiwa na mawimbi ya ukubwa ule ule wa ziwa halisi lakini mahali kila wimbi linapoanzia pamevurugwa kibahati. Kwa kila mmoja rudia majaribio yote 7, andika uwiano mkubwa kuliko yote. Kisha tazama uwiano wako halisi umezidi mingapi kati ya ile 1,000. Ukizidi 950 tuzungumze.

Watu hupenda pia kuondoa kwanza athari ya El Niño (joto la ziada katika Pasifiki ya tropiki) na ya Daipoli ya Bahari ya Hindi (tofauti ya joto kati ya upande wa magharibi na wa mashariki wa bahari hiyo), ndipo walinganishe kilichobaki na jua. Fanyeni, ila mjue mnajibu swali gani. Kama jua hufanya kazi kupitia joto la bahari, ukiiondoa bahari umeiondoa na njia yenyewe.

JichoLaJua:
Hilo la mwisho nilikuwa nakuja kulisema, nashukuru limesemwa na upande wa pili.

Tabaka_la_Tope:
Nyote mmekaa kwenye miaka 130. Tope la chini ya maziwa linafika mbali zaidi, na linaleta shida ambayo haijatajwa: alama ya uhusiano yenyewe, chanya au hasi, hubadilika.

Kwenye Ziwa Naivasha la Kenya, ndani ya shimo la volkano la Crescent Island, Verschuren na wenzake walichapisha mwaka 2000 historia ya miaka 1,100. Kati ya 1000 na 1270 ziwa lilikuwa chini, na nchi ilikuwa na ukame. Kuanzia 1270 hadi 1850 kulikuwa na mvua zaidi, isipokuwa vipindi vitatu vya ukame: 1390–1420, 1560–1625 na 1760–1840. Vipindi vya maji mengi vinakaribiana na nyakati jua lilipokuwa dhaifu kwa miongo kadhaa, pamoja na ule mdororo maarufu wa 1645–1715 ambapo madoa yalikuwa nadra mno. Kwa hiyo kule Naivasha jua dhaifu limekaa na mvua nyingi.

Hiyo ni kinyume kabisa cha dai la karne ya 20, ambapo jua lenye nguvu ndilo linalokaa na mvua. Na Stager huyo huyo, kwenye kazi ya 2005 ya vijimwani vya daiatomu kutoka Ziwa Victoria, alikuta maji mengi yakienda na jua dhaifu kwa sehemu kubwa ya miaka elfu iliyopita, kisha uhusiano ukageuka kama miaka 200 iliyopita. Yeye mwenyewe aliandika kwa tahadhari: kama uhusiano huu ni wa kweli, basi una tabia ya kugeuka ghafla.

Tahadhari ya kiufundi: umri wa tope unapimwa kwa risasi-210 kwa miaka 150 hivi ya juu, na kwa kaboni-14 chini ya hapo (zote ni atomi zenye mnururisho zinazopungua kwa kasi inayojulikana). Kosa la kaboni-14 ni makumi ya miaka. Vipindi vya jua dhaifu vyenyewe hudumu makumi ya miaka. Ukisogeza ngazi ya umri kidogo tu, kilichokuwa kinalingana kinaweza kuwa kinyume. Kwa mzunguko wa miaka 11 tope la namna hii halifai isipokuwa lina tabaka za mwaka mmoja mmoja.

Mpimakima:
Mchango mzito huu. Kanuni inayogeuka bila kutupa dalili ya lini itageuka haiwezi kutumika kutabiri, hata kama nyuma yake kuna fizikia ya kweli.

Na tunao utabiri uliowekwa hadharani kabla ya tukio, jambo ambalo ni nadra na ni la kupongezwa. Kazi ile ya 2007 ilisema kwamba uhusiano ukiendelea, mvua kubwa na milipuko ya homa ya Bonde la Ufa vitarajiwe mwaka mmoja hivi kabla ya kilele kinachofuata, kilichokadiriwa 2011–2012. Kilichotokea: La Niña (kinyume cha El Niño) ya 2010–2011, ukame mkali, na Julai 2011 njaa ikatangazwa Somalia. Jua nalo halikufika kilele hadi Aprili 2014.

Hapo kuna funzo la kiutendaji. Utabiri wa "mwaka mmoja kabla ya kilele" unahitaji kwanza ujue kilele ni lini. Jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 2007 liligawanyika kati ya Oktoba 2011 na Agosti 2012. Tarehe ya kwanza ilikosa kwa miaka miwili na nusu, ya pili kwa miezi 20. Mizunguko yenyewe hutofautiana kutoka miaka 9 hadi karibu 14. Huwezi kupanga msimu mmoja wa mvua kwa saa ya namna hiyo.

JichoLaJua:
Nakubali 2011 ulikosa. Lakini iandikwe pia kwamba vuli ya 2023 ilikuwa na mvua kubwa, mwaka mmoja kabla ya kilele cha Oktoba 2024.

Kisumu_Hydro:
Iandikwe, ni haki. Na pembeni yake iandikwe kwamba vuli ile ilikuwa na El Niño na daipoli chanya (bahari ina joto upande wetu) kwa pamoja, kama 1997. Vuli ya 1961 na ya 2019 zilikuwa za daipoli kali bila El Niño kubwa. Maji ya bahari upande wetu yalikuwa na joto, upande wa Sumatra yamepoa, na pepo zikaleta mvuke bara. Miaka hiyo minne, 1961, 1997, 2019 na 2023, jua lilikuwa katika hali tofauti kila mara. Bahari ilikuwa katika hali ile ile.

Mbezi90:
Na lile dai pana, kwamba joto la dunia linaongezeka kwa sababu ya jua?

MtakwimuWaMwanza:
Kwa ufupi, maana linastahili uzi wake. Tangu mzunguko wa 19 wa miaka ya 1950 hakuna mzunguko uliofika pale. Ule wa 24 ulikuwa dhaifu kuliko yote katika miaka mia. Joto la dunia limepanda katika miongo hiyo hiyo. Mzunguko wa jua unatikisa joto la dunia kwa kama nyuzi 0.1, kisha unalirudisha. Zile wati 0.18 zilinganishe na wati 2.16 kwa mita ya mraba zilizoongezwa na hewa ukaa kati ya 1750 na 2019, ambazo hazirudi nyuma kila baada ya miaka sita. Kingine: jua likiwa ndilo sababu, stratosfia nayo ingepata joto. Imepoa.

GatiNaMaji:
Nimefuatilia kwa ajili ya ujenzi. Mnashauri nini kwa anayeweka gati au pampu ya umwagiliaji kandokando ya ziwa?

Kisumu_Hydro:
Ndugu, chukua vilele vya Mei 1964, Mei 2020 na Mei 2024 kwenye kipimo kilicho karibu nawe, juu yake ongeza kimo cha mawimbi ya pwani yako. Upande wa chini chukua 2006, ndipo mdomo wa pampu usibaki hewani. Tofauti kati ya juu na chini inapita mita 3, kwa hiyo gati linaloelea au lenye ngazi mbili linafaa kuliko la zege la kimo kimoja. Hakikisha mkandarasi anatumia sifuri moja ya kipimo katika michoro yote. Mchoro mmoja wa Jinja na mwingine wa usawa wa bahari vikichanganywa, gati huwekwa mahali pasipo.

Kwa msimu unaokuja, fuatilia daipoli na El Niño kuanzia Agosti na taarifa za vuli za mamlaka ya hali ya hewa. Madoa ya jua yaache kwenye daftari la utafiti.

JichoLaJua:
Kwenye daftari nitaendelea nayo. Naweka dirisha langu hapa mapema, kama Mpimakima alivyotaka: mwaka mmoja kabla ya kilele cha mzunguko wa 26, miezi 12 tu, maji yaliyoingia yazidi wastani wa miaka 30 iliyotangulia. Yasipozidi, nihesabiwe nimekosa.

Mpimakima:
Nimeinakili kwenye posti ya kwanza, neno kwa neno.